Gego limeacha kuuma, je, limepona?

Shikamoo Daktari,

Nimesoma majibu yako kwa muda mrefu, leo nimejikaza nikaandika yangu. Mimi ni mama wa miaka 39. Nafundisha watu wazima, kwa hiyo kutwa nzima nasimama mbele za watu nikisema, na shida yangu iko mdomoni.

Upande wa kulia chini niling'olewa gego nikiwa msichana. Siku ile ganzi haikushika. Nilimwambia aliyekuwa ananing'oa kwamba nasikia maumivu, akanijibu nivumilie, tunakaribia kumaliza. Tangu hapo, nikisikia tu harufu ya chumba cha daktari wa meno, viganja vinatoa jasho. Ndiyo maana kila jino lililoniuma baada ya hapo nimelituliza kwa vidonge.

Kushoto chini nina gego lililozibwa zamani. Kizibo kilidondoka mwaka jana, nikakaa hivyo hivyo. Baadaye likaanza kuuma nikinywa cha baridi, kisha nikinywa cha moto, mwisho likawa linaniamsha usiku, linapwita mpaka sikioni. Baada ya kama wiki mbili likanyamaza lenyewe, na mpaka leo haliumi. Kilichobaki ni kijipele kwenye ufizi kando yake. Kinajaa, kinapasuka, na kikipasuka nasikia chumvichumvi mdomoni na harufu mbaya.

Juu mbele kuna jino nililoligonga nilipoanguka. Lilimegeka kona, na siku hizi limekuwa la kijivu. Nikicheka naziba mdomo kwa mkono. Fizi nazo zinatoka damu nikipiga mswaki, kwa hiyo sehemu hizo nazipitia juujuu tu. Tulipopimwa afya kazini niliambiwa sukari iko juu kidogo, sikurudi tena kupima.

Sasa kila mtu ana lake. Mume wangu anasema ling'olewe, yaishe. Dada yangu amewekewa kipandikizi, ananiambia nisihangaike na jino bovu, niweke la kisasa lisilotoboka. Rafiki yangu anasema kutibu mzizi ni kuacha mzoga mdomoni, na kwamba huleta maradhi mwilini. Mama ananikumbusha la wahenga, jino la pembe si dawa ya pengo. Na mimi mwenyewe zipo siku natamani yang'olewe yote, nivae ya bandia, nipumzike.

Daktari, nianzie wapi?

Mwenye mkono mdomoni

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa usiku zile, na pole zaidi kwa siku ile ya usichana wako. Ulisema unaumia ukaambiwa uvumilie. Hilo halikupaswa kutokea, na woga uliokubakia una sababu yake. Nitalirudia, kwa sababu naona ndilo limekufikisha hapa kuliko uzembe wowote.

Nianze na gego la kushoto, maana ndilo lenye haraka. Halijapona. Limekufa.

Ndani ya kila jino kuna kiini laini chenye mishipa ya damu na ya fahamu. Kizibo kilipodondoka, bakteria walipata njia. Wanakula sukari unayokula wewe na kutoa tindikali, na tindikali hiyo ndiyo inayotoboa jino. Kwanza gamba gumu la nje, kisha tabaka la pili lililo laini zaidi, mwisho kiini. Maumivu yako yamefuata njia hiyo hatua kwa hatua. Baridi inayouma kidogo na kupita maana yake kiini kimekasirika lakini bado kinaweza kutulia, na jino linapofika kwangu wakati huo mara nyingi kuziba tu kunatosha. Moto unaoacha maumivu yaliyogoma kuondoka, na jino linaloamka usiku bila kuguswa, ni kiini kisichoweza kurudi tena. Kikishakufa, neva zimekufa nacho, kwa hiyo kimya. Wagonjwa wengi hufurahia kimya hicho na kuahirisha safari ya kwa daktari, wakati ndiyo kwanza bakteria wanashuka kwenye ncha ya mizizi na kuanza kula mfupa wa taya.

Kijipele chako ni mlango wa usaha. Umetafuta pa kutokea, umepata, na kwa sababu unatoka hausukumi, ndiyo maana huumii. Daktari atakayekuona huenda akafanya jambo litakalokushangaza: atachukua kijiti chembamba, laini, cha rangi ya waridi, akipenyeze taratibu kwenye tundu la kijipele hicho, kisha apige picha ya eksirei. Kijiti huonekana cheupe kwenye picha, na kinakwenda kuelekeza ncha kwenye mzizi wenye ugonjwa. Ni njia rahisi na inamwepusha daktari kutibu jino la jirani lisilo na kosa.

Naomba usijaribu kumaliza hili kwa antibiotiki. Dawa husafiri kwenye damu, na ndani ya jino lililokufa damu haifiki. Utapata nafuu, kijipele kitanywea, kisha kitarudi. Antibiotiki zina kazi yake pale ugonjwa unapoanza kusambaa. Ukiona uso au shingo inavimba, una homa, mdomo haufunguki vizuri, unameza kwa shida au pumzi inabana, hapo usisubiri miadi ya daktari wa meno. Nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Ling'olewe, kama asemavyo shemeji? Inategemea kilichobaki. Kama ufa umeshuka mpaka kwenye mzizi, au uozo umeingia chini ya mfupa, nitaling'oa bila kubishana. Lakini kama juu ya ufizi kuna ukuta wa jino zima wa kama milimita 2 kuzunguka pande zote, kofia, yaani kifuniko cha kulivisha jino, ina pa kushika, na jino hilo linastahili kutetewa. Ninalitetea kwa sababu moja ambayo watu hawaambiwi. Jino lako la asili halikuchomekwa kwenye mfupa kama msumari. Limening'inizwa na nyuzi nyingi ndogo sana zenye hisia. Ndizo zinazokufanya ugundue punje ya mchanga kwenye chakula na kuacha kutafuna kabla hujaumia. Hakuna jino la kutengenezwa lenye nyuzi hizo, hata lile bora kabisa. Mama ana haki na methali yake, angalau kwa hilo.

Kutibu mzizi ni hivi. Baada ya ganzi, jino hutengwa kwa kitambaa cha mpira chenye tundu, ili mate yasiingie na wewe usimeze kitu. Daktari hufungua juu ya jino na kuitafuta mifereji. Gego la chini kwa kawaida lina mizizi 2 na mifereji 3, wakati mwingine 4, na ule wa nne ukisahauliwa matibabu yote yanaweza kuharibika, ndiyo maana kazi hii haifai kukimbizwa. Mifereji husafishwa kwa tupa nyembamba za chuma kinachopinda, huoshwa kwa dawa ya kuua bakteria, kisha huzibwa na gutapecha, utomvu wa mti uliotengenezwa kuwa vijiti. Kile kijiti cha kwenye kijipele ni gutapecha hiyo hiyo. Baadhi ya magego humalizika kwa kikao kimoja, mengine viwili au vitatu. Kijipele hufunga chenyewe baada ya hapo. Mfupa uliolika huchukua miezi mingi kujijenga, hivyo utaitwa kwa picha nyingine baada ya kama mwaka mmoja, na tafadhali uende.

Maneno ya rafiki yako nayafahamu. Asili yake ni kazi za daktari wa meno wa Marekani, Weston Price, za miaka ya 1920, aliyedai kwamba meno yaliyotibiwa mzizi huleta magonjwa ya viungo vingine. Watafiti waliorudia vipimo vyake kwa umakini zaidi hawakupata alichokisema, na meno mengi mno yaling'olewa bure kabla hilo halijaeleweka. Kama neno mzoga linamfaa jino lolote, ni hili ulilonalo sasa, ambalo uchafu wake haujatolewa.

Gego likishatibiwa mzizi, usiishie kwenye kizibo. Limepoteza mwili mwingi na kuta zilizobaki ni nyembamba. Ukitafuna kitu kigumu linaweza kupasuka katikati, na jino lililopasuka hivyo hatuna la kulifanyia. Liwekewe kofia inayokumbatia kuta zote. Kofia zipo za chuma, za kaure iliyofunika chuma, na za zirkonia, ambayo ni nyeupe na ngumu sana. Kwa gego la nyuma ningetazama uimara kabla ya uzuri. Kwa matundu madogo, ikiwa daktari ataona mengine, siku hizi huzibwa kwa kompositi, ujazo laini wa rangi ya jino unaogandishwa kwa mwanga. Ile amalgamu ya kijivu inaachwa pole pole kwa sababu ya zebaki iliyomo. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kwa matumizi ya kawaida kuanzia Januari 2025. Hiyo haina maana ukimbie kutoa vizibo vya zamani vilivyo vizima. Kuvichimbua hutoa mvuke wa zebaki zaidi kuliko kuviacha.

Sasa ganzi. Jino linapokuwa limewaka kwa ugonjwa, nyama zinazolizunguka huwa na tindikali, na tindikali hudhoofisha dawa ya ganzi. Magego ya chini ni magumu zaidi, kwa sababu mfupa wake ni mnene na sindano inabidi ifuate neva huko nyuma ya taya, kisha isubiriwe. Inawezekana kabisa kwamba yule aliyekung'oa aliona mdomo umekufa ganzi akadhani na jino limekufa ganzi. Hayo ni mambo mawili tofauti. Daktari makini hulijaribu jino kwa kitu cha baridi kabla ya kuanza, na likisikia huongeza dawa kwa njia nyingine, kando ya mzizi au ndani ya mfupa. Mweleze yaliyokupata kabla hujakaa kwenye kiti. Mwambie: nikiinua mkono wa kushoto, simama. Akionekana kukerwa na ombi hilo, una ruhusa yangu ya kuondoka. Na ujue pia kwamba jino ambalo kiini chake kimekufa halisikii kama lililowaka. Kwa woga ulio nao, huu ni wakati mzuri wa kulitibu.

Damu kwenye fizi unaichukulia kama ishara ya kuacha, wakati fizi zinaomba kinyume. Utando laini wa bakteria ukikaa kwenye ukingo wa ufizi, ufizi huvimba na kutoka damu. Ukiupitia juujuu unabaki pale, unagandamana na kuwa ukoga mgumu ambao mswaki hauuwezi tena, mpaka ukwanguliwe na daktari. Ukiachwa miaka, ugonjwa hushuka kwenye mfupa na meno mazima kabisa huanza kutikisika. Tumia mswaki laini, uuelekeze pale pale panapotoka damu, taratibu, asubuhi na kabla ya kulala, na upitishe uzi au vijiswaki vidogo katikati ya meno. Siku za mwanzo damu itaongezeka na utaogopa. Endelea, kwa kawaida hupungua ndani ya wiki moja au mbili. Dawa ya meno iwe na floridi, kati ya ppm (sehemu kwa milioni) 1,000 na 1,500, na ukimaliza tema tu, usisukutue kwa maji, ili floridi ibaki kazini.

Na ile sukari, mdogo wangu, rudi ukapime. Omba kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa miezi miwili mitatu iliyopita. Kisukari kisichodhibitiwa huharibu fizi, na fizi zenye ugonjwa huifanya sukari iwe ngumu kudhibiti, kila kimoja kinamwongezea mwenzake nguvu. Kipandikizi anachokusifia dada yako nacho kinategemea majibu hayo.

Hapo ndipo tunafika kwenye pengo la kulia. Kipandikizi ni skrubu ya titani inayozamishwa kwenye mfupa. Mswidi Per-Ingvar Brånemark aligundua katika miaka ya 1950, akichunguza mifupa ya sungura, kwamba mfupa huikumbatia titani mpaka vikashikana, na mwaka 1965 akamwekea mgonjwa wa kwanza. Ni tiba nzuri sana, na faida yake kubwa ni kwamba haigusi meno ya jirani. Dada amesema kweli kuwa hakitoboki. Lakini fizi na mfupa unaokizunguka huugua kama kwenye jino la kawaida, pengine kwa kasi zaidi, kwa hiyo kukipanda kwenye mdomo unaotoka damu ni kukipanda kwenye ugonjwa. Wewe una jambo lingine: pengo lako ni la miaka mingi. Jino likitoka, mfupa wake hunywea, sehemu kubwa ndani ya mwaka wa kwanza, na meno ya kando huegemea ndani ya nafasi huku la juu likishuka kutafuta mwenzake. Chini ya magego ya chini kuna neva ya mdomo na kidevu, kwa hiyo daktari anahitaji picha ya pande tatu kabla ya kusema kama kuna mfupa wa kutosha juu yake. Huenda ukahitaji kuongezewa mfupa, au kunyoosha kwanza jino lililoegemea. Na baada ya skrubu kuingia kuna kusubiri, mara nyingi miezi 3 hadi 6, kabla ya kuwekewa jino lenyewe.

Daraja, yaani jino la bandia linaloshikiliwa na meno ya kando ya pengo, ni la haraka zaidi, ila meno mawili ya jirani husagwa ili kubeba kofia. Kama ni mazima, mimi roho huniuma kuyasaga. Kama tayari yana vizibo vikubwa, daraja lina mantiki. Bandia ya kuvua na kuvaa haihitaji upasuaji wala kusaga kwingi, hutolewa usiku na kusafishwa kwa mswaki na sabuni. Na lipo chaguo ambalo wafanyabiashara ya meno hawalitaji: kuliacha pengo kama lilivyo, ikiwa unatafuna vizuri na meno ya jirani yametulia. Miaka yote hiyo umeishi nalo, halina dharura.

Kung'oa yote, hapana. Nasema hivi nikiwa nimetengeneza bandia nyingi na kuwaona watu wakirudi nazo. Nguvu ya kutafuna hushuka sana, mfupa huendelea kunywea chini yake, na bandia iliyokaa vizuri mwanzoni huanza kulegea. Ya chini ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu ulimi haukai kimya, na wewe ni mwalimu, unazungumza kutwa. Kwa mtu asiye na jino la kuokoa, bandia ni neema. Wewe unayo mengi.

Umeona mpangilio ninaoushika: gego la kushoto na fizi mara moja, sukari wiki hii, pengo baadaye, jino la mbele mwisho. Najua wewe ungelipenda liwe la kwanza, maana ndilo linalokupandishia mkono mdomoni. Lakini nalo lipigwe picha siku ile ile, kwani jino lililogongwa likageuka kijivu mara nyingi kiini chake kimekufa, hata kama halikuuma hata siku moja. Likithibitika, litibiwe mzizi, kisha dawa ya kung'arisha huwekwa ndani ya jino lenyewe na kufungiwa humo kwa siku kadhaa, na kijivu hupungua kutoka ndani. Kona iliyomegeka hujengwa kwa kompositi, mara nyingi bila kusaga chochote. Atakayekushauri kusaga meno sita mazima ili uvishwe magamba ya kaure yanayofanana, muulize gamba lako la asili litarudi lini, kwa sababu halirudi. Ndimu na mkaa achana navyo. Ndimu ni tindikali na mkaa unakwangua, vyote viwili hula gamba na kuacha jino la njano zaidi.

Siku ya kujengewa kona hiyo, mwombe daktari achague rangi mwanzoni kabisa mwa kikao, meno yakiwa bado na mate, tena karibu na dirisha kama lipo. Jino likikauka huonekana jeupe kuliko lilivyo, na rangi iliyochaguliwa wakati huo kesho yake haitalingana na meno mengine.